Fimbo ya Barafu Niliyoileta Nyumbani Badala ya Godoro

Mke wangu aliondoka nyumbani Jumanne, na sababu ya kuondoka kwake ilikuwa imeegemea ukutani, nyeusi, inang'aa, ndefu karibu kunipita mimi, imeandikwa maandishi ya kizungu juu mpaka chini kama gazeti. Hakutukana. Angetukana ningejua pa kuanzia kujitetea. Alifunga nguo zake kwenye kitenge, akaitazama ile fimbo, akanitazama mimi, akasema, "Siku hicho kitu chako kikifanya kazi moja tu ya maana, nipigie simu. Nitarudi." Akapanda pikipiki kwenda kwao Mabamba, kule Kibondo mpakani, ambako ukipiga chafya kwa nguvu anakuombea afya mtu wa Burundi.

Sasa na mimi nijieleze. Mke wangu alikuwa na beberu. Beberu yule akisimama mlangoni, ndani tunawasha taa. Alimlea mwenyewe tangu akiwa kadogo, kwa maganda ya ndizi na maneno matamu ambayo mimi sijawahi kuambiwa. Akanituma nimpeleke sokoni Kasulu, nimuuze, nirudi na godoro, maana godoro letu lilikuwa limebaki chapati, tena chapati ya jana. Nikaenda. Beberu nilimuuza vizuri sana, hilo nasifiwa mpaka leo na aliyemnunua.

Kosa langu lilikuwa kupita kwenye mitumba. Pale kuna muuzaji mmoja, Mwislamu mstaarabu, mwenye baraghashia nyeupe kuliko dhamiri yake. Babu yake alitoka Tanga. Yeye amezaliwa Kasulu hapa hapa, lakini akianza kuuza anaongea kama ameshuka melini asubuhi ile. Siku hiyo alikuwa amefungua robota la vitu vya michezo. Ndani mlikuwa na viatu vya mguu mmoja mmoja, kofia za kuogelea, na fimbo tatu, kila moja ina ulimi mpana chini, umepinda kwa pembeni kama kijiko.

"Hizi za nini, ndugu yangu?"

"Za mchezo wa barafu," akasema. "Ulaya huko watu wanasimama juu ya barafu wanagombea kitu kama kifuniko."

Mimi shule niliiona kwa nje, nikipita na ng'ombe. Barafu ninazozijua ni mbili. Ipo ile ya ubuyu, inayouzwa kwenye vifuko vya nailoni, na ipo ile inayoanguka na mvua na kuchana migomba. Nikajaribu kumuona mtu mzima amesimama juu ya barafu ya ubuyu. Nikashindwa.

"Hii ya kwanza ni ya mti, bei ya chini, ni ya watoto," akaendelea. "Hii ya tatu ni ya wale wanaolipwa mshahara kwa kucheza. Wewe ukiishika utaionea tu. Ila hii ya katikati, hii ndiyo yako. Bei ya kati, mtu wa kati. Wameitengeneza kwa ajili ya mtu mzima anayecheza kujifurahisha, mwisho wa wiki, mwenye kakitambi."

"Sina kitambi."

"Utakipata. Fimbo hii inadumu."

Ukiniuliza kwa nini nilitaka fimbo ya namna ile, si kwamba nilikuwa mwendawazimu. Kwetu Kitanga tulikuwa tunaucheza huo mchezo, bila barafu. Aliyetuletea ni Mkongomani mmoja wa kambini Nyarugusu, anayepita vijijini kuuza dagaa. Yeye aliuona huko kambini. Wageni fulani walikuja na magari meupe, wakimbizi wakawaambia maturubai yanavuja, wageni wakaandika, wakarudi na mchezo wa kuondoa mawazo. Turubai likaendelea kuvuja juu ya watu wasio na mawazo.

Basi sisi wanaume kama kumi, Jumapili baada ya kanisa, tunakutana uwanjani. Kopo la dawa ya viatu tunalijaza udongo, tunaziba, ndilo hilo tunaloligombea. Fimbo ni mikaratusi iliyopinda mzizini. Goli ni matofali mawili. Sheria ni moja, usipige juu ya goti, na wanaoifuata ni wagonjwa tu. Mimi katika kundi lile nilikuwa wa mwisho. Miaka miwili nimefunga goli moja, tena kwetu. Nikawa naamini ubaya uko kwenye mkaratusi. Mtu asiye na kipaji lazima apate pa kutupia lawama, na mti hausemi.

Ndiyo nikarudi nyumbani na fimbo na mto mmoja wa kulalia, maana chenji ilitosha mto. Mke wangu akaushika ule mto akauliza, "Godoro linakuja nyuma?" Mengine mnayajua.

Nilipobaki peke yangu nikasema vizuri, kazi ya maana si itapatikana Jumapili? Nitafunga magoli kumi na tano, Kitanga nzima itapiga simu Mabamba, mke atarudi kabla jasho halijakauka.

Niseme ukweli juu ya fimbo ile, maana kuna watu wanaiponda hawajawahi kuishika. Ni nyepesi. Jembe likiiona linaona haya. Si mti, si chuma, si plastiki, sijui wameipika na nini. Ukiielemea inajipinda kidogo halafu inarudi kwa hasira, kama mtu uliyemwomba radhi vibaya. Haina vibanzi, haichubui kiganja. Hayo ndiyo mema yake. Upande wa pili, ukitoka jasho inateleza kama mlenda. Nikaizungushia kipande cha tyubu ya baiskeli pale juu, ikatulia. Changarawe za uwanja wetu nazo zilianza kuula ule ulimi tangu siku ya kwanza, ukawa na ndevu kwa chini. Nikauvisha tyubu na wenyewe. Barafu lazima iwe laini sana, au wenzetu wana hela za kutupa.

Lakini hayo yote ni madogo. Kubwa lilikuwa hili, kopo halikwenda nilikolituma. Nikipiga kuelekea golini, linateleza kwenye ule mgongo wa ulimi, linakwenda kwa wanaotazama. Nikipiga kuelekea kwa wanaotazama, ili nilikomoe, linakwenda kwao kwa utii. Jumapili ya kwanza nilimpiga mwinjilisti mara mbili. Mara ya pili aliniombea kwa sauti, na majina yangu yote.

Mkongomani wa dagaa akaniita pembeni. "Papa, ile fimbo iko muzuri. Ni weye njo hauko muzuri."

"Ni ngeni hii, haijazoea."

"Na iko murefu. Ukate kidogo, ifike ku kidevu yako."

"Sikati. Nimeilipa yote."

Wenzangu wakaniuliza bei yake. Nikawaambia mtu aliyeichezea kabla yangu alijengewa sanamu kwao. Hawakuamini, lakini waliacha kuuliza bei.

Nikapiga simu Mabamba. "Imefanya kazi?" mke akauliza.

"Inaanza kuzoea."

"Nani, fimbo?" Akakata.

Nikaitafutia kazi nyingine, maana yeye alisema kazi, hakusema mchezo. Nikaangushia maparachichi, yakashuka kweli, moja likashukia jicho langu. Nikafukuzia nguruwe wa jirani, nguruwe akaitafuna tyubu. Nikajaribu kuchotea majivu, kusukumia kuni, kukorogea chakula cha kuku. Kila kazi niliyoipa fimbo ile kulikuwa na mti wa bure unaoifanya vizuri zaidi. Wiki tatu zikapita. Nikawa nakula ugali niliousonga mwenyewe, na ugali ule ungeweza kujengea.

Wiki ya nne akapiga baba mkwe. Baba mkwe wangu hapigi simu kusalimia. "Njoo," akasema. "Njoo na hicho kitu. Na huku maharage yamekauka, hayajapigwa."

Nikaelewa kesi ina sehemu mbili, na ya kwanza inafanywa kwa mikono.

Nikapanda juu ya lori la mahindi mpaka Kibondo, nimebeba kidumu cha pombe ya ndizi kwa heshima ya wakwe, na fimbo. Pale sokoni Kibondo mzee mmoja akaniuliza, "Hiyo ni ya kupimia barabara?" Mimi mdomo wangu haujui kusema hapana. Nikasema ndiyo. Akanifuata hatua mia mbili, anataka kujua kama nyumba yake itabomolewa. Nikasimama, nikaielekeza fimbo kwenye paa lake, nikafumba jicho moja, nikamwambia amepona kwa shubiri tatu. Akaninunulia soda. Jirani yake akaja kuuliza na yeye, nikatafuta pikipiki ya kwenda Mabamba haraka sana.

Nikafika. "Mwakeye," nikasalimia. Baba mkwe yuko kwenye kigoda, mashemeji zangu wawili wako uwanjani na rundo la maharage refu kama kanisa. Wakaitazama fimbo, wakatazamana, wakanipa mti wa kawaida. Nikaanza kupiga maharage.

Siku mbili nimepiga maharage pale, na siku mbili sikumuona mke wangu uso. Alikuwa jikoni na mama yake. Na jiko la mama mkwe kwa mkwe ni nchi nyingine, tena isiyo na daraja. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, na ukikanyaga jikoni kwake umevunja mambo ambayo hata ng'ombe hawezi kuyaunga. Kwa hiyo mimi niliuona mkono tu. Sahani inatoka mlangoni, mkono wa kulia, wa adabu, unaiweka kizingitini, unarudi. Nilikuwa nausalimia ule mkono. Haukuitikia.

Ila sauti ya mama mkwe niliipata ya kutosha. "Huyo anayapiga maharage au anayabembeleza?" inatoka kwenye moshi. "Mwambieni hayalali." Kwa sheria yetu hawezi kuniambia mimi, anaziambia kuta, na kuta za Mabamba zina masikio makubwa.

Siku ya pili alasiri maharage yakaisha. Baba mkwe akafungua kidumu changu, akaonja, akakifunga, jambo lililoniumiza kidogo. Akasema, "Sasa. Binti yangu alitoa neno. Kitu kikifanya kazi, anarudi. Kisipofanya, wewe utarudi na kitu chako, na yeye atabaki na sisi. Hilo umelielewa?"

"Nimelielewa, baba."

"Kilitengenezwa kifanye nini?"

"Kupitisha kopo golini."

"Basi kipitishe."

Shemeji mkubwa akavuta vinu viwili, akaviweka kama goli. Akahesabu hatua kumi, miguu yake mirefu, nikapata kama kumi na sita za binadamu. "Haya muramu," akaniita shemeji kwa Kiha, huku anajipangusa vumbi la maharage usoni, "tuonyeshe barafu. Goli moja tu. Moja. Hata mbuzi ukimpa mara tatu anapata, ila wewe tunakupa moja kwa sababu ni mgeni."

Nilikuwa na kopo langu mfukoni. Nikaliweka chini. Nikatoa na hotuba fupi. Nikawaeleza fimbo hii huko kwao watu wanaipanga foleni, nikawaeleza upepo, nikawaeleza mwinuko wa uwanja wao kwamba si wa kawaida. Shemeji mdogo akasema, "Akimaliza kuongea mtuamshe."

Nikapiga. Sitaki kudanganya, lilikuwa pigo zuri kuliko yote niliyowahi kupiga. Kopo liliruka linalia. Likapita kulia kwa kinu, likamruka kuku, likagusa kigoda cha baba mkwe, likageuka kama lina njaa, likaingia jikoni. Tukasikia chungu kimesema kitu.

Sauti ya mama mkwe ikaziambia kuta, taratibu, "Limeingia kwenye maharage."

Ikawa shida sasa. Mimi kuingia kule siwezi. "Mkwe akikanyaga jikoni," baba mkwe akanikumbusha, "hiyo ni kesi nyingine, na hiyo haimalizwi na pombe chachu." Nikawatazama mashemeji.

"Aliyelituma alifuate," akasema mkubwa.

"Mimi sijaitwa," akasema mdogo.

Nilikuwa nimesimama katikati ya uwanja ule nimeshika fimbo, najihesabu: mke sina, beberu sina, godoro sina, na kopo liko kwenye chungu cha mama mkwe.

Ndipo akatoka mke wangu. Kopo kalishika kwa vidole viwili, linadondosha mchuzi. Wiki nne bila mimi, mtu amenawiri, shavu limejaa, jambo lililoniuma kuliko yote ya siku ile. Hakunisalimia. Akalipangusa kopo kwa upindo wa kitenge, akaliweka chini, akanyoosha mkono. Nikampa fimbo.

Akaishika kwa mkono wa kushoto chini, wa kulia juu. Kopo akaliweka upande wake wa kushoto. Fimbo ikamfika kidevuni sawasawa, maana yeye ni mrefu, amenizidi kichwa, nilimuoa amekaa. Na ule ulimi uliopinda ukalikumbatia kopo kama kiganja kinavyoshika yai.

Nilikuwa nimesahau, au niseme sikuwahi kutazama. Mke wangu ni mashoto. Analima kwa kushoto, anafagia kwa kushoto, anakata kuni kwa kushoto. Chakula tu ndicho anachogusa kwa kulia, maana alipokuwa mdogo baba yake alimfunga ule wa kushoto kwa kamba ya mgomba kila wakati wa kula, mpaka wa kulia ukajifunza adabu. Mzee huyo mwenyewe huwa analisimulia harusini, watu wanacheka.

Akapiga. Kopo likaondoka bila kelele, likateleza chini kwa chini, likapita katikati ya vinu halikugusa popote.

"Bahati," akasema shemeji mdogo, akalirudisha.

Akapiga tena. Katikati. Shemeji mkubwa akavisogeza vinu vikakaribiana mpaka pakabaki upana wa sahani. Katikati. Alifunga mara tisini. Sawa, saba. Mara ya saba alikuwa anamtazama baba yake, hatazami kopo.

"Hii imepinda upande wangu," akaniambia, ndiyo maneno ya kwanza. "Mwezi mzima umeishika, hukuona?"

"Niliona imepinda. Nilidhani ndivyo zilivyo."

"Ya kwako ingepinda huku. Wamekuuzia ya mashoto."

Jikoni mama mkwe akacheka, akasahau kuziambia kuta. Baba mkwe alikuwa hacheki. Alikuwa anautazama ule mkono wa binti yake ulioshika fimbo kwa chini.

"Mkono ule," akasema.

"Ndiyo ule, baba."

Mzee akainama akaanza kuokota maharage yaliyoruka nje ya turubai, moja moja, kama yalikuwa ya dhahabu. Hakuna aliyemsaidia. Niliona afadhali nimuokoe, maana hata mimi nina moyo, nikasema kwa sauti, "Basi kesi imekwisha. Kitu kimefanya kazi. Afunge mizigo."

"Taratibu," shemeji mkubwa akasema. "Kitu kimefanya kazi. Wewe umefanya nini? Umemwagia mama mchuzi."

"Neno lilikuwa la kitu, halikuwa la mimi."

"Neno lilikuwa lako na kitu chako."

Wakaanza kubishana wao kwa wao, mdogo akawa upande wangu ghafla, nadhani kwa kumchukia kaka yake. Mke wangu akawaacha wachoke. Halafu akasema, "Nilisema siku kitu kikifanya kazi. Sikusema siku yeye akifanya kazi. Ningesema hivyo ningezeekea hapa."

Hapo hata kuku walicheka. Mimi pia nilicheka, nikachelewa kidogo kuelewa, lakini nilicheka.

"Ila fimbo ni yangu," akaendelea. "Beberu alikuwa wangu, fimbo ni yangu. Na Jumapili nacheza mimi."

"Na mimi nicheze na nini?"

"Utakaa golini. Huko hakuna cha kupiga."

Tukaondoka asubuhi yake. Mama mkwe alitutolea debe la maharage, akaziambia kuta kwamba abebe mwanaume.

Jumapili iliyofuata wenzangu walinung'unika. Mmoja alisema mwanamke na fimbo ni mambo ya vita, mwingine akasema kanisa litasemaje. Mkongomani wa dagaa akawaambia, "Bon, mumuogope kwanza, mutasema nyuma." Mke wangu akawafunga manne kabla hawajamaliza kunung'unika. Mimi nilikuwa golini upande ule mwingine, kwa hiyo yote manne yalipita kwangu, na moja lilipita kwenye ugoko wangu. Aliyesema mambo ya vita sasa anakuja kumuomba amfundishe kushika.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani, mimi nachechemea, yeye mbele na fimbo begani, nikamuuliza lile lililokuwa linanikaa kooni tangu Mabamba. "Hivi ulirudi kwa ajili yangu, au kwa ajili ya fimbo?"

Akageuka, akautazama mguu wangu. "Ugoko unauma?"

"Unauma sana. Nadhani umevunjika sehemu nne."

"Kuna maji ya moto na chumvi, nitakukanda," akasema, akapunguza mwendo ili nimfikie.